Injini ya Usman Haiguswi

Mjini Busia kila mtu alijua: ukimsalimia mke wa Usman kwa tabasamu utatukanwa, na ukigusa injini yake utapigwa. Jamaa alizaliwa na wivu wa kutosha ukoo mzima, akaugawa sawasawa kati ya wake zake wawili na ile dizeli kuukuu ya silinda mbili iliyosukuma boti yake ya abiria kutoka Sio Port. Fundi hakuruhusiwa kuikaribia. Usman mwenyewe alimwaga oili, mwenyewe alisafisha chujio, mwenyewe alitoa hewa kwenye mapaipu, mwenyewe alizichoma wasa za shaba, zile pete nyembamba za kuziba viungo vya paipu, kwenye jiko la makaa zilainike zipate kutumika tena. Akimaliza, anashusha kifuniko cha sanduku la mbao juu ya injini, anatia kifuli, anavaa ufunguo shingoni. Mwendeshaji aliachiwa hendeli ya kuwashia, mkono wa mafuta na kamba ya kuzimia, vyote nje ya sanduku. Ya ndani hayakumhusu.

Sasa boti hiyo ilikuwa imelala ubavu kwenye mchanga wa Sio Port, mbao zimepasuka, jina HASINA limekwaruzika nusu. Injini ilizimika ziwani, upepo ukaibeba boti na kuitupa kwenye mawe. Abiria waling'ang'ania mbao wakaokolewa na wavuvi, walioivuta na boti hadi ufukweni. Edris, mdogo wake Usman, aliyeshika usukani siku hiyo, alizama, na sasa alikuwa kaburini.

Na ndani ya seli ya polisi Busia alikuwa Makokha, mwendeshaji wa kila siku wa boti ile, ambaye siku hiyo hakupanda. Usman aliapa mbele ya polisi kwamba Makokha alitia maji kwenye tangi la dizeli makusudi, kisha akamsukumia Edris safari. Mkuu wa kituo aliridhika kabisa. Kesho asubuhi Makokha angepelekwa mahakamani kwa mauaji, na siku hizo mauaji yalikuwa na jibu moja, kitanzi.

"Una leo peke yake," mkuu wa kituo alimwambia Sajini Ojakol wa upelelezi. "Nenda ukafungue hiyo injini, uniletee maji kwenye chupa, tufunge faili."

"Na nisipoyapata?"

"Ojakol, hilo ni ziwa. Utakosaje maji?"

Ojakol alikuwa Mteso wa Malaba, mrefu, mwembamba, mbishi. Ujana wake aliumalizia kwenye boti za doria, mahali ambapo injini ikizimika hakuna wa kumwita, unavua shati unaingia mwenyewe. Alikuwa bado na mfuko wake wa spana, na spana hizo hakuazima mtu, hata ndugu wa damu. Kwa hiyo asidhaniwe kuwa alimcheka Usman sana. Alianza safari yake kwa kupita seli.

Makokha alikuwa amekaa sakafuni, miguu mitupu, macho mekundu.

"Kwa nini hukupanda siku hiyo?"

"Shangazi yangu alikufa, afande. Nilienda kuchimba kaburi huko Namboboto. Nikamwomba Edris anishikie usukani safari moja tu. Moja tu!"

"Usman alijua?"

"Boss alikuwa ameshapanda gari kurudi Busia jioni. Mimi habari ya msiba ilinipata alfajiri. Ningemwambia saa ngapi?"

"Anasema alikuachia ufunguo wa sanduku la injini."

Makokha alicheka kicheko cha mtu aliyekata tamaa. "Ufunguo? Mimi? Siku moja niliuliza tu, boss, hii paipu inaenda wapi? Akaniambia, kwani umeioa wewe? Tangu siku hiyo najua hendeli na usukani, basi."

"Ana kisa gani na wewe?"

"Ati namtaka yule bibi mdogo. Afande, mimi hata sauti yake siijui! Akipita naangalia chini kazi isipotee. Kumbe kuangalia chini pia ni makosa."

Ojakol hakumwamini wala hakumkatalia. Mtu akiona kitanzi hujua kujifanya mjinga hata kama jana alikuwa bingwa.

Wakatoka na Landrova, Konstebo Okwara kwenye usukani, na Usman nyuma. Usman alidai kuja. Msiba haukumzuia. "Hakuna mtu atafungua injini yangu na mimi sipo," alisema, akapanda bila kukaribishwa. Walisimama Namboboto mara moja. Kaburi la shangazi lilikuwepo, udongo bado mbichi, na wazee pale walisema bila kuulizwa mara mbili kwamba Makokha ndiye alichimba sehemu kubwa maana vijana wengine walikuwa wamelewa. Hilo lilimweka Makokha mbali na boti wakati ilipopata ajali. Halikumweka mbali na injini jioni ya kabla yake.

Ufukweni, Ojakol alipiga magoti kando ya sanduku. Kifuli kilikuwa mahali pake, kimefungwa, bawaba zimekwaruzwakwaruzwa.

"Ufunguo, Bwana Usman."

"Si nimesema nilimpa Makokha? Jioni ile nilimwambia aangalie oili asubuhi. Kosa langu hilo, na Mungu ananiona."

"Katika mali zake hatukuupata."

"Si ameutupa! Ungekuwa wewe ungeuweka?"

Ojakol alichukua tindo na nyundo. Kila pigo, Usman alifumba macho. Kifuli kiliporuka na kifuniko kufunguka, alisogea akaanza kupangusa silinda kwa upindo wa kanzu yake, akilalamika kwamba mchanga umeingia kila mahali. Ndugu yake kafa, boti imekwisha, yeye anapangusa. Okwara alitazama pembeni kwa aibu.

Upelelezi wa injini ya dizeli una adabu yake. Huanzi kwa kufungua ovyo. Unaanza mafuta yanakotoka, unayafuata polepole mpaka yanakoishia, na mahali safari inapokatika ndipo ugonjwa ulipo. Ojakol alianza kwenye tangi. Alifungulia bomba la chini, akakinga kwa chupa ya kioo, akaiinua juani akaiacha itulie. Dizeli ilipanda juu. Chini kukabaki maji, zaidi ya nusu chupa.

"Umeona?" Usman alipaza sauti mpaka wavuvi wakageuka. "Umeona? Nilisema nini mimi? Mshenzi ametia maji!"

"Nimeona," alisema Ojakol, akaendelea.

Kutoka kwenye tangi, paipu nyembamba ilishuka hadi karibu na tumbo la boti, ikapanda tena kwenye chujio lenye kikombe kidogo cha kioo. Kikombe hicho ndicho mlinzi wa lango. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo uchafu wote na maji yote huishia pale kwanza. Ojakol alikilegeza kikombe kwa uangalifu, akakiweka juu ya kiganja. Dizeli ilikuwa safi. Chini kulikuwa na tone la maji lisilojaza hata kijiko, na kando ya tone hilo vipunje vidogo vyeupe, vingine na madoa ya buluu.

"Okwara, njoo uone uwe shahidi. Kama tangi lilikuwa na maji wakati injini inafanya kazi, kikombe hiki kingejaa maji mpaka juu. Hakina. Maji yale yameingia kwenye tangi baadaye, boti ilipopinduka, kupitia tundu la kifuniko. Wakati huo injini imeshazimika, haivuti tena."

"Kwa hiyo haikuzimwa na maji?"

"Haikuzimwa na maji."

Ojakol alichukua kipunje kimoja, akakisugua vidoleni. Katika dizeli hakikuyeyuka. Akatia mate kidogo, akasugua tena, kikateleza na kutoa povu.

Sabuni, jamani! Sabuni ya kufulia.

Hapo hapakuwa na ajabu kubwa. Kuanzia Malaba mpaka Port Victoria, tangi likitoboka mtu anakata kipande cha sabuni ya mche, anaikanda, anaziba tundu kwa nje, anasafiri wiki nzima. Kila dereva anajua, kila makanga anajua. Lakini huziba kwa nje, mahali pakavu. Vipunje hivi vilikuwa ndani, vimevutwa na mafuta. Ojakol aliifuata paipu kwa kidole mpaka mahali inapounganishwa kwa bolti, kule chini ambako maji ya tumbo la boti hurukaruka. Aliweka spana. Usman akaruka.

"Si hiyo! Hiyo ni kubwa, utakula pembe za nati! Tumia ile ya pili!"

Alikuwa sahihi. Ojakol alibadilisha spana, akafungua. Mahali palipopaswa kuwa na wasa mbili za shaba, moja juu na moja chini, palikuwa na moja tu. Upande wa chini wasa haikuwepo. Kwenye mizingo ya bolti kulikuwa na ute mweupe, na kwenye nati hakukuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Makokha!" alisema Usman. "Ameondoa wasa, ametia sabuni. Huyo ni nyoka."

"Asubuhi ilikuwa maji," alisema Ojakol, akaifunga ile bolti ndani ya kitambaa.

Aliyekuwa amebaki wa kuulizwa ufukweni ni Nabwire, mchuuzi wa omena, dagaa wa ziwani, kutoka Funyula, aliyekuwa ndani ya boti. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya sokoni, mkono umefungwa bendeji. Polisi wa kwanza walimwuliza jina na kama Makokha alikuwemo. Aliposema hakuwemo, wakaandika, wakaenda zao.

"Mama, injini ilizimika vipi? Ghafla?"

"Ghafla wapi! Ilianza kuimba. Inapanda juu, inashuka, inapanda, inashuka. Mimi nikaambia Edris, hii kitu iko na kichaa leo. Halafu ikanyamaza."

"Ilikohoa? Ilitoa moshi mweupe?"

"Hakuna moshi. Ilikuwa inaimba tu."

Ojakol aliitikia kwa kichwa. Injini iliyokunywa maji hukohoa na kutema moshi mweupe. Injini inayovuta hewa badala ya mafuta hupanda na kushuka, kisha hufa. Sabuni imelowa, imelainika, imevutwa ndani, na hewa imefuata.

"Na kuwaka asubuhi, iliwaka kwa shida?"

"Hendeli moja, ikanguruma."

"Baada ya kuzimika, Edris alifanya nini?"

Nabwire alishusha ile sauti ya sokoni. "Alipiga hendeli mpaka akachoka. Halafu alienda kwa hilo sanduku. Akavuta kifuli, akapiga na kasia mpaka kasia ikavunjika. Upepo unatupeleka kwa mawe, yeye anakwaruza na mikono. Tulimwambia, Edris, ruka! Akasema hapana, ni hewa tu, nikifungua naiwasha. Akasema, kaka yangu na kifuli chake wameniua leo. Ndio maneno ya mwisho hayo, afande. Sijayasema kwa sababu hakuna aliniuliza."

Usman alikuwa amesimama mbali, hakusikia. Ojakol alimshukuru mama yule, akarudi garini, na njia nzima mpaka Busia alikuwa akipiga hesabu. Kama Makokha angekuwa na ufunguo, angemwachia Edris amwangalizie ile oili ambayo Usman alidai kumwagiza. Edris hakuwa nao. Kwa hiyo ama Makokha aliuficha, ama hakuwahi kupewa. Na aliyeweka sabuni ile alifungua paipu, na ukifungua paipu ya dizeli hewa inaingia, na usipoitoa injini haiwaki hata ukizungusha hendeli mpaka jua litue. Iliwaka mara moja. Mtu huyo aliijua kazi yake.

Alimshusha Usman kwenye duka lake barabarani, kisha akazunguka nyuma kwenda nyumbani kwake, wake zake walikokuwa kwenye matanga. Nyumba mbili ndogo, ua mmoja. Kadija, mke mkubwa, aliketi na wanawake kwenye kivuli cha ukuta. Hasina, mdogo, mwenye sura ya kumfanya mtu asahau alilofuata, alikuwa jikoni peke yake. Hakuna aliyekaa naye. Ojakol aliwaomba wote wawili wasogee pale kwenye kamba ya nguo.

"Pole kwa msiba, mama."

"Tumekwishapoa," alisema Kadija. "Huyo Makokha mnamnyonga lini?"

"Bado nauliza. Nimesikia boti ile haikukupendeza."

"Nani kakwambia? Waache waseme, ni kweli." Kadija hakushusha sauti, alitaka isikike jikoni na barabarani. "Boti ilinunuliwa mimi niko peke yangu. Ikakaa bila jina. Akaja huyu, rangi ikanunuliwa siku hiyo hiyo! Mimi niliyemfulia, nikampikia, nikavumilia harufu ya dizeli kitandani, jina langu halijaandikwa hata kwenye ndoo."

"Kwa hiyo una sababu."

"Sababu ninazo gunia zima. Lakini ningetaka kuua, afande, ningeanza na mwenye jina, nisingeanza na ubao." Hasina alishtuka. Kadija akafuta macho kwa mtandio. "Na Edris nimemlea mimi. Kaletwa hapa hajaota meno ya mbele. Wivu wangu mimi una mipaka. Wa mume wangu hauna. Hata jana usiku kaja kwangu kulia, nikasema basi, leo angalau ni wangu. Likanichoma lile chuma lake hapa begani. Injini imekufa, boti imekufa, yeye bado analala na ufunguo shingoni!"

Ojakol alikuwa ameinama akitazama beseni la kufulia. Hakuinuka haraka, asije akamshtua. "Mama, mnafulia sabuni gani hapa?"

"Makubwa! Mpelelezi wa nguo chafu." Lakini aliingia ndani akatoka na kipande kirefu cha sabuni nyeupe yenye madoa ya buluu. Pembe moja ilikuwa imekatwa kwa kisu.

"Hii pembe imeenda wapi?"

"Muulize mwenzangu. Kila kitu changu anakitaka, sasa kashuka mpaka kwa sabuni."

"Wallahi sijaigusa!" alisema Hasina. "Nimekwambia tangu siku ile. Mimi nina yangu."

"Nani basi? Panya wenye visu?"

"Muulize Mungu! Mimi najua nimeitwa mwizi mbele ya majirani kwa pembe ya sabuni!"

"Siku ile ni siku gani?" Ojakol aliingilia kati.

"Siku moja kabla ya Edris kusafiri," walijibu pamoja, na walipogundua wamejibu pamoja wakageuziana mabega.

"Humu uani, mbali na nyinyi wawili, ni nani huingia nyumba zote mbili?"

Kadija alitazama ile sabuni mkononi mwake. Alitazama pembe iliyokatwa, akamtazama Hasina, na kwa mara ya kwanza tangu waolewe na mume mmoja hawakuwa na la kugombania. Kadija alikaa chini pale pale kwenye udongo.

"Dada," Ojakol alimwambia Hasina taratibu, "Usman alikuwa na neno gani juu yako na Makokha?"

"Alinusa leso yangu. Akasema inanuka dizeli, nimetoka kwa Makokha. Nikamwambia, dizeli ni yako! Nguo zako na zangu nazifua beseni moja, wewe ukija unajifutia mikono kwenye leso yangu. Hakusikia. Ananusa mimi, hajinusi yeye." Alianza kulia. "Makokha mimi sijawahi hata kumwambia hujambo."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, wahenga walisema. Huyu alikuwa amemwingiza mtoto wa mama yake. Lakini maneno ya wake wawili wanaochukiana, bolti moja na vipunje vya sabuni, wakili wa mjini angevipangusa mezani kwa mkono mmoja. Na Usman angeutupa ufunguo chooni akipata fununu. Ojakol alimwacha Okwara langoni kwa wale wanawake, akatembea haraka mpaka kituoni, akamweleza mkuu wa kituo maneno machache, akamtuma konstebo mwingine akamwite Usman aje atie sahihi maelezo yake dhidi ya Makokha.

Usman alikuja na uso wa mtu anayekaribia kupumzika. Mkuu wa kituo alikuwa na kikombe chake cha chai. Ojakol aliandika polepole, akisoma kwa sauti anayoyaandika.

"Umenisaidia sana, Bwana Usman. Sasa ninajua ni Makokha. Na nikwambie ukweli, mimi nimeshika injini za ziwani muda mrefu, sijapata kuona fundi kama yeye."

Usman alikunja uso. "Fundi?"

"Fundi hasa. Kiungo kibovu kama kile, chini, gizani, mkono hauingii vizuri. Kafungua bila kukwaruza nati. Kaziba kwa sabuni, kaikaza kwa kipimo. Na hewa kaitoa yote, injini ikawaka hendeli moja! Mimi mwenyewe ingenisumbua."

"Makokha hana—"

"Watu walikuwa wanasema injini ile iko hai kwa sababu ya mkono wako. Naona walikosea. Alikuwa akiishika yeye, wewe hupo. Ameijua kuliko mwenyewe." Ojakol alichovya kalamu. "Ninaandika hivyo: Makokha aliijua injini ile kuliko mwenyewe."

"Futa."

"Siwezi kufuta. Hakimu lazima ajue ustadi wa mshitakiwa."

"Futa, nimesema!" Usman alisimama, mishipa ya shingo imetoka. "Makokha hajui hata spana ipi inaingia pale! Makokha hajui dizeli inatoka wapi! Ukitoa hewa kwenye injini ile lazima uanze na silinda ya nyuma, ukianza ya mbele inakudanganya, unadhani imekwisha kumbe haijaisha. Imenichukua miaka kuijua hiyo! Mtu mmoja duniani anajua hivyo, na ni mimi. Jioni ile nimeitoa mimi, kwa mikono hii, na ikawaka kwa sababu ni mimi—"

Mkuu wa kituo aliweka kikombe chini.

"Endelea," alisema Ojakol.

Usman alikaa. Alitazama mikono yake, ile aliyoinyoosha mbele, akaishusha magotini.

"Vua ufunguo, Bwana Usman."

Aliingiza mkono ndani ya kanzu, akauvua. Ulikuwa bado na joto.

"Sikutaka mtu afe," alisema. "Nilitaka azimikiwe katikati ya maji. Akae huko apigwe na jua na hao abiria wakimtukana. Avutwe na kamba kama ng'ombe, Sio Port nzima imcheke, na wanawake wasikie. Aone kwamba bila mimi yeye si mwanamume. Ni hilo tu. Nani alimwambia Edris apande? Nani?"

"Makokha alikuwa anachimba kaburi la shangazi yake."

"Ningejua ningekimbia kwa miguu mpaka ziwani." Sasa alikuwa analia kweli, kilio kibaya cha mwanamume asiyekizoea. "Edris alikuwa akiniomba ufunguo. Kila siku. Kaka, nifundishe hata kidogo. Nikamwambia, ukiijua wewe, mimi nitabaki na nini?"

Ojakol aliandika yote, akamsomea, Usman akatia sahihi bila kubishania hata neno moja. Mkuu wa kituo, kwa kuwa naye alikuwa na aibu yake ya kuficha, aliamuru kwa ukali kwamba Makokha afunguliwe mara moja, kwa nini bado yuko ndani. Usman akapelekwa kwenye seli ile ile.

Walikutana kwenye ujia mwembamba, mmoja akitoka, mmoja akiingia. Makokha alikuwa amekwishaambiwa. Alisimama na miguu yake mitupu, akatafuta la kusema kwa mtu aliyetaka kumnyongesha, akakosa, akasema lile ambalo watu wa kwao wangesema.

"Pole kwa Edris, boss."

Akapita. Mlango wa seli ukafungwa. Usman alibaki ameshika vyuma, akisikiliza nyayo zinavyotoka nje ya kituo, na Ojakol akaona ule msiba uliokuwa usoni mwake unafifia, na kitu kingine kinapanda mahali pake.

"Anakwenda wapi?"

"Nyumbani kwake."

"Mnamwachilia? Leo? Na mimi niko humu?" Alivuta vyuma. "Sajini, sikiliza. Ndugu yangu nimemwua, nimekubali, nimetia sahihi, ninyongeni. Lakini huyo mrudisheni. Nifungieni naye, chumba kimoja, hata chakula changu ale yeye. Hasina yuko peke yake kule!"

"Bwana Usman, Hasina hajawahi kumwambia hujambo."

"Ndivyo wanavyosema!"

Nje jua lilikuwa linashuka upande wa Uganda, na barabara imejaa watu wanaotoka sokoni. Mbele ya kituo njia iligawanyika: kushoto kwenda stendi ya magari ya Funyula, upande wa kwao Makokha, kulia kuingia mjini, ilikokuwa nyumba ya Usman. Ojakol alichukua kofia yake akaelekea mlangoni.

"Sajini!" Usman aliita, shavu limebanwa kwenye vyuma. "Sajini, nionee tu. Amekata kushoto ama kulia?"

Ojakol aliendelea kutembea. Mpaka anatoka langoni alikuwa bado anaisikia sauti ile ikimwuliza mlinzi, ikimwuliza mfungwa wa chumba cha pili, ikimwuliza yeyote: kushoto ama kulia?